Gogo Lililozama Si Mali Iliyopotea

Gogo lililozama kwenye kina kirefu cha bahari ni kipande cha msitu kilichohamia mahali pasipofikiwa na jua. Huko, mita mia kadhaa hadi elfu kadhaa chini ya uso wa maji, gogo hilo huwa chakula na makazi ya wanyama ambao wengi wao hawaonekani kwingine: kombe wanaobungua mbao, kome wanaolishwa na bakteria, kaa wanaotafuna ubao uliolainika, viti vya pweza vidogo kuliko ukucha. Sakafu ya kina haioti mmea hata mmoja. Kinachowalisha wanyama hao kilimea nchi kavu, mlimani, bondeni au kwenye mikoko, kikafa, kikaanguka, kikasombwa. Ndiyo maana habari zao haziwezi kutengwa na habari za misitu, hata misitu ya Milima ya Upare ambayo ipo zaidi ya kilomita 100 kutoka pwani.

Mtazamo uliozoeleka ni mwingine kabisa. Mti ukishaanguka, husemwa, kazi yake imekwisha: kama hauchanwi mbao basi uchanjwe kuni, na kama mto umeuchukua basi mali imepotea. Bahari nayo huachiwa wavuvi na mabaharia, kana kwamba mambo ya mlimani hayaihusu. Mtazamo huu umeingia vitabuni na ofisini, na umeingia pia katika kanuni za uhifadhi zenyewe. Thamani ya mti imezoeleka kuhesabiwa kwa mbao, kwa magunia ya mkaa, na pwani kwa korija za boriti. Baada ya hapo daftari hufungwa. Daftari hilo limefungwa mapema mno.

Same ni mahali pazuri pa kuanzia hoja, kwa kuwa hapo tofauti ya msitu na ukame huonekana kwa jicho moja. Mji uko bondeni, kwenye ukavu wa migunga na mibuyu, ilhali juu yake, upande wa Upare Kusini, umesimama msitu wenye ukungu wa Chome, hifadhi ya mazingira asilia inayozunguka kilele cha Shengena chenye urefu wa takriban mita 2,460. Mkulo na podo ni miti mikubwa ya huko. Maji yanayotoka kwenye msitu huo hushuka kwa mifereji na kukusanywa usiku katika ndiva, yale mabwawa ya jadi ya Wapare, ili asubuhi yafunguliwe mashambani. Kila mtu wa Bangalala au Makanya anajua kwamba msitu ukifyekwa ndiva itakauka. Faida ya mti uliosimama haina mbishi Upare. Ubishi huanza mti unapolala.

Katika misitu mingi ya hifadhi nchini, mti mbichi ni mwiko na mti mkavu ni ruhusa. Wanavijiji huruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu, kwa hoja kwamba kilichokufa hakina faida tena kwa msitu. Hapa panahitajika haki. Mama anayeshuka Shengena na mzigo wa matawi kichwani hana kosa. Watoto wanasubiri chakula, na gesi ina bei. Kosa liko katika dhana iliyoiandika ruhusa hiyo, dhana isiyotofautisha tawi la unene wa kidole na gogo la mkulo lenye unene wa mapipa mawili. Ndani ya gogo kama hilo kuna kuvu, jongoo, mende wa mbao na konokono, na mche wa mkulo huweza kupata unyevu juu yake wakati wa kiangazi. Likikatwa vipande na kubebwa, vyote hivyo hubebwa pamoja nalo. Wapare wa zamani walikuwa na msimamo mkali zaidi kuliko wa kanuni za leo: katika misitu ya mshitu, iliyotumika kwa jando, na ya mpungi, iliyotumika kwa matambiko ya ukoo, mti uliachwa, ukiwa umesimama au umelala. Sababu yao ilikuwa ya kiimani. Matokeo yake yalikuwa ya kimsitu.

Upande wa bahari, kosa hilohilo lina historia ndefu. Katika miaka ya 1840 mtaalamu wa Uingereza, Edward Forbes, alichunguza bahari ya Ugiriki na kuona wanyama wakipungua kadiri wavu ulivyoshuka. Akahitimisha kwamba chini ya kiasi cha mita 550 hakuna uhai. Wasomi wengi walikubali. Ilichukua nyaya za telegrafu zilizopandishwa kutoka kilindini zikiwa zimeng'ang'aniwa na wanyama, kisha safari ya meli ya Challenger ya mwaka 1872 hadi 1876, kuizika hoja hiyo. Hata hivyo mabaki yake yanaishi: wengi bado hufikiri kwamba kina kirefu ni jangwa linalodondoshewa makombo ya viumbe wadogo wa juu, na kwamba kitu kikubwa kikizama huko hukaa tu kama kilivyo.

Aliyeonyesha wazi kwamba hakikai ni Ruth Turner, mtaalamu wa kombe kutoka Chuo Kikuu cha Harvard. Kwa kutumia nyambizi ndogo iitwayo Alvin, mbao ziliwekwa kwenye sakafu ya Atlantiki, kina cha mita 1,830. Baada ya siku 104 zilipandishwa zikiwa zimejaa matundu, na kila tundu lilikuwa na mwenyewe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1973. Kwa watu walioamini kwamba maisha ya kilindini huenda polepole kwa sababu ya baridi na njaa, ilikuwa habari ya kushtua: chini ya miezi minne ilitosha kwa kombe hao kulifikia gogo ambalo halikuwapo hapo awali, kulitoboa na kukua ndani yake.

Kombe hao ni wa jamii ya Xylophaga na ndugu zake. Wamepatikana hadi kina kinachozidi mita 7,000. Wengi wao ni wadogo, milimita chache tu, na magamba yao mawili yana safu za meno laini kama tupa. Mnyama hujigeuza ndani ya tundu lake akikwangua ubao, na vumbi analolikwangua hulimeza. Hakuna mnyama anayeweza kuishi kwa vumbi la mbao kirahisi, kwa kuwa selulosi ni ngumu kusagwa na ubao una naitrojeni kidogo sana. Siri imo katika mashavu yake ya kupumulia, wanamoishi bakteria wanaotengeneza vimeng'enyo vya kuvunja selulosi. Kwa binamu zao wa maji ya kina kifupi, wale wanaotoboa mitumbwi, imethibitishwa pia kwamba bakteria hao huweza kuinasa naitrojeni na kumpatia mwenyeji wao. Bakteria mmojawapo, Teredinibacter turnerae, ana jina la Turner mwenyewe. Uzao wa kombe hawa huelea majini ukiwa mdogo mno kuonekana, hadi ubahatike kukutana na gogo. Wanaolikosa hufa. Wanaolipata hulijaza.

Kazi ya kombe ni mwanzo tu. Matundu yao hulifanya gogo liwe kama sifongo, na maji huingia ndani kabisa. Kinyesi chao na mizoga yao ni ubao uliokwisha kusagwa, chakula ambacho minyoo, kamba wadogo na konokono wenye gamba la umbo la kofia wanaweza kukila. Kuna kaa mmoja wa kilindini, Munidopsis andamanica, aliyepewa jina la visiwa vya Andaman katika Bahari ya Hindi. Tumbo lake lilipofunguliwa lilikutwa limejaa ubao. Mtaalamu wa Denmark, Torben Wolff, alikusanya mwaka 1979 taarifa za wanyama wa kina waliopatikana kwenye mabaki ya mimea, mengi yakiwa yamepandishwa na meli Galathea iliyozunguka dunia kati ya mwaka 1950 na 1952 na kupita Mombasa. Orodha hiyo ilikuwa ndefu, nayo ilitokana na nyavu za kukokota tu, zana inayovunja na kupoteza zaidi ya inachookoa.

Kisha hutokea jambo ambalo watetezi wa mtazamo wa zamani hawana jibu lake. Ndani ya gogo oksijeni huisha. Bakteria wa aina nyingine huchukua nafasi na kuanza kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza na sumu kwa wanyama karibu wote. Lakini wapo kome wadogo, wa jamii ya Idas, wanaobeba bakteria wanaoitumia gesi hiyo kutengenezea chakula, gizani, bila jua. Kome wakubwa wanaozizunguka chemchemi za moto za kilindini huishi kwa njia iyo hiyo. Mwaka 2000 Daniel Distel na wenzake walichapisha katika jarida la Nature ushahidi wa nasaba uliodokeza kwamba wazee wa kome wa chemchemi walipitia kwenye magogo na mifupa ya nyangumi kabla ya kufika huko. Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Ina maana kwamba misitu haikuwapelekea wanyama wa kina chakula tu. Iliwapa ngazi ya kushukia.

Kiti cha pweza kiitwacho Xyloplax ni mfano mwingine. Kiligunduliwa katika maji ya New Zealand na kutangazwa mwaka 1986: kiduara kisicho na mikono, kisichofika sentimita moja, kilichopatikana juu ya ubao uliozama. Kilikuwa cha ajabu kiasi kwamba wataalamu walikiundia kundi zima jipya la wanyama, ingawa baadaye ilionekana kwamba ni wa ukoo wa viti vya pweza wa kawaida. Aina ya pili ilipatikana Bahamas, kwenye mbao za majaribio za Turner yuleyule. Mnyama aliyewatikisa wataalamu hivyo asingejulikana kama magogo yangeendelea kuhesabiwa kuwa taka za bahari.

Watetezi wa mtazamo uliozoeleka husema kwamba haya ni maisha ya kubahatisha: gogo likija linaliwa, lisipokuja wanyama watakula kingine. Jibu liko Antaktika. Bara hilo halina miti na halijakuwa nayo kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na mkondo mkubwa unaolizunguka huzuia magogo ya mbali kuingia. Wanasayansi waliweka huko mifupa ya nyangumi na mbao kwenye sakafu ya bahari kwa muda wa miezi 14, na mwaka 2013 wakatangaza walichokiona. Mifupa ilikuwa imefunikwa na minyoo walao mifupa. Mbao zilikuwa kama siku zilipowekwa. Miaka 9 baadaye, Machi 2022, meli ya mbao ya Ernest Shackleton, Endurance, iliyozama mwaka 1915, ilipatikana katika Bahari ya Weddell kwenye kina cha mita 3,008, mbao zake zikiwa nzima na jina lake likisomeka nyuma. Baridi peke yake haielezi hali hiyo, kwa kuwa minyoo wa mifupa walistawi katika maji yaleyale, na kombe wa mbao wanaishi kwenye vilindi vya bahari nyingine ambavyo navyo vina baridi kali. Kisichokuwapo ni msitu. Pasipo na msitu nchi kavu, hakuna wanaokula mbao kilindini.

Ukubwa wa gogo nao si jambo dogo. Mwaka 2006 Craig McClain na wenzake walizamisha magogo zaidi ya 30 nje ya pwani ya California, kwenye kina cha mita 3,200. Yalikuwa ya akasia, jamii ya migunga inayotanda pande zote za Same, na uzito wake ulianzia chini ya kilo moja hadi kiasi cha kilo 20. Yalipopandishwa baada ya miaka mitano na zaidi, gogo kubwa lilikuwa na aina nyingi zaidi za wanyama kuliko dogo. Hapa kanuni ya kuni kavu inaumbuka. Mto unaopewa vijiti na kunyimwa magogo unaipelekea bahari chakula pungufu na makazi pungufu zaidi.

Je, gogo la Upare linafika baharini? Hapa wapinzani wana hoja, na inastahili jibu kamili. Vijito vingi vya Same hukauka au kumezwa na mchanga bondeni kabla ya kuufikia mto mkubwa. Lakini vijito hivyo havikuumbwa kwa ajili ya kiangazi. Wakati wa vuli na masika hufurika, na Mto Mkomazi, unaopokea maji ya Upare Kusini na ya Usambara Magharibi, huyapeleka katika Mto Pangani. Mafuriko ndiyo mchukuzi wa magogo katika mito yote ya dunia. Siku chache za mvua kubwa hubeba zaidi ya miezi ya maji ya kawaida. Mto Pangani huingia Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani, na kutoka hapo mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, ukipata nguvu zaidi kusi inapovuma. Mwisho wa masika hukutana na mwanzo wa kusi. Gogo linalotoka mdomoni mwa mto wakati huo linaelekezwa kwenye mkondo wa Pemba, ambako sakafu hushuka hadi mamia ya mita kati ya kisiwa na bara. Ukaribu wa kina hicho na pwani hauhitaji kubahatishwa: tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakinasa silikanti, samaki wa maji marefu, na hifadhi ya bahari kwa ajili yake ilitangazwa mwaka 2009 kaskazini mwa mdomo wa Pangani.

Safari ya gogo humalizwa na maji yenyewe. Mti huelea kwa sababu ya hewa iliyofungwa katika nyuzi zake, na maji yakishaichukua nafasi ya hewa hiyo, mti hushuka. Mpingo huzama papo hapo kwa uzito wake. Podo huchelewa. Ukishafika kina cha kutosha, shinikizo huyasukuma maji hadi kiini cha ubao, na hapo gogo halirudi juu tena.

Kilichobadilika ni mto. Bwawa la Nyumba ya Mungu limeuziba kwa juu tangu miaka ya 1960. Chini kuna Hale, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1964, na mtambo mpya wa Pangani wa mwaka 1995. Mitambo hiyo haina budi kuchuja magogo, maana gogo likiingia kwenye mashine ni hasara kwa nchi nzima. Kwa hiyo ni kweli kwamba magogo mengi ya Upare hayafiki leo. Lakini anayetumia ukweli huo kuthibitisha kwamba mlima na kilindi havihusiani amegeuza mambo: amechukua kuta za miaka 60 akazitumia kufuta kazi ambayo mto umeifanya kwa maelfu ya miaka. Ukuta ni ushahidi kwamba kitu kimekatizwa. Kwingineko umeondolewa na matokeo yakaonekana: mabwawa mawili ya mto Elwha, Marekani, yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014, na mchanga pamoja na magogo vikaanza tena kufika pwani.

Kuna wanaoikubali hoja hii kisha wakaipinda. Kama bahari inahitaji mbao, husema, basi ufyekaji unaisaidia. Haisaidiwi hata kidogo. Msitu uliosimama hutoa magogo mwaka baada ya mwaka, kwa uzee, upepo na mmomonyoko wa kingo. Mteremko uliofyekwa hutoa tope kwa misimu michache, kisha hautoi kitu. Mkulo unaopelekwa kwenye shimo la wapasua mbao hauendi baharini, unaenda kuwa kitanda. Wengine, katika nchi tajiri, wamependekeza kuzamisha mbao kwa makusudi ili kaboni ifichwe kilindini, na mwaka 2023 maelfu ya tani za vipande vya mbao yalimwagwa baharini karibu na Iceland kwa lengo hilo. Mpango wa aina hiyo umesimama juu ya kosa la Forbes, kwamba chini ni ghala tulivu. Chini kuna wanaokula. Wanaigeuza kaboni hiyo kuwa miili na pumzi, na ubao ukimwagwa kwa wingi mahali pamoja oksijeni ya hapo huisha na salfaidi huenea zaidi ya wanavyoweza kuistahimili wakazi wake.

Wavuvi na mafundi wa vyombo wana malalamiko yao, na yana haki. Kombe mtoboaji wa maji ya kina kifupi ni adui wa ngalawa na jahazi. Kwa ajili yake chombo huvutwa pwani, tumbo lake likaunguzwa kwa moto wa makuti na kupakwa deheni ya chokaa na mafuta. Lakini kombe huyo huyo ndiye anayeyasaga mashina ya mikoko yanayoanguka kwenye midomo ya Pangani na Rufiji, na bila yeye mikondo ya mikokoni ingejaa mbao. Kumwita mharibifu ni kuangalia chombo na kusahau msitu mzima unaokizunguka. Deheni inatosha kumzuia pale asipotakiwa.

Yanayotokana na haya kwa Same na Pangani yanatekelezeka. Ruhusa ya kuni katika Chome inaweza kuweka mpaka wa unene: matawi yaokotwe, magogo yabaki yalipoangukia, na yaliyo ndani ya vijito yasiguswe isipokuwa pale yanapotishia daraja au mfereji wa ndiva. Wakala wa Huduma za Misitu una mamlaka ya kuandika mpaka huo. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inataka mto uachiwe maji ya kutosha kwa ajili ya mazingira, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani inaweza kuhesabu magogo pamoja na maji inapopanga kiasi hicho. Magogo yanayonaswa Hale na Pangani yanaweza kuvushwa na kushushwa chini ya mtambo wa mwisho, kwenye mto uleule, badala ya kurundikwa kando. Kreni na lori vinatosha kwa kazi hiyo, na wakati wake ni masika, maji yakiwa na nguvu ya kuyachukua hadi mdomoni.